Seva Iliyolindwa Mpaka Ikanyamaza

Hebu niambie, wewe unayesoma hapa: ukiogopa mbuzi wako ataibiwa, utamfunga kamba, utamjengea banda, au utamchinja ili mwizi akija asimkute? Usijibu haraka. Katika nchi ninayotaka kukusimulia waliletwa wataalamu kumi na mmoja kwa ndege kulijibu swali la namna hiyo, na iliwachukua miezi minane.

Nchi yenyewe siitaji. Si kwa woga. Kutaja majina kule kuna utaratibu wake, kama utakavyoona, na mimi ni mtu wa kufuata utaratibu.

Nilikuwa mhudumu wa chai katika Wizara ya Majina, Anwani na Utambulisho. Nimewachemshia chai mawaziri tisa, na hata leo ninaweza kukuambia kila mmoja alitaka tangawizi kiasi gani. Mwisho wa korido, kati ya choo cha wanaume na stoo ya mafagio, kulikuwa na chumba kidogo, na ndani yake ndiyo ilikaa seva ya majina. Lilikuwa sanduku la chuma la kijivu, kimo cha mtoto wa darasa la pili, lenye taa ndogo za kijani zilizokuwa zikipepesa mchana kutwa. Aliyelitunza ni fundi mmoja aitwaye Mwalami, mtu mpole, kalamu mbili mfukoni, chai bila sukari.

Mwalami ndiye aliyenieleza kazi ya sanduku.

"Bibi," aliniambia, "ukitaka kumpigia dada yako unabonyeza jina lake, sivyo? Namba huikumbuki."

"Nitaikumbukaje? Anabadilisha laini kama kanga."

"Basi na kompyuta za nchi hii ziko hivyo. Watu wanajua majina, mashine zinajua namba. Hospitali ikitaka kuzungumza na ghala la dawa, inauliza hapa kwanza, ghala la dawa namba yake ngapi? Sanduku linajibu. Kazi yake ni hiyo tu, kuulizwa na kujibu."

"Na halichoki?"

"Halichoki. Limezeeka tu, kama sisi."

Kwa miaka kumi na minne Mwalami aliandika barua kila Januari. Aliomba sanduku la pili liwekwe mji mwingine, ili hili likizima lile lijibu. Aliomba betri mpya. Na aliomba nywila ibadilishwe, kwa maana nywila ile ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ghorofa ya chini, kando ya matangazo ya misiba. Waraka wa Uwazi Namba Sita ulitaka kila ufunguo wa serikali ujulikane na wakuu wa idara wote arobaini na wawili, na kwa kuwa wakuu hao hawakuwa na mahali pengine wanapokutana, ilibidi ubandikwe pale. Juu yake waligonga muhuri mwekundu: SIRI.

Barua zake zilijibiwa, siwasingizii. Jibu lilikuwa moja miaka yote. Suala lako linafanyiwa kazi.

*

Siku moja mtu asiyejulikana, lakini anayejua kusoma ubao wa matangazo, aliingia katika seva akabadilisha mstari mmoja. Tangu saa hiyo kila aliyetafuta ofisi ya Mheshimiwa Waziri mtandaoni alipelekwa kwenye duka la magodoro. Pale ilipokuwa picha ya Mheshimiwa likaonekana godoro la futi sita kwa sita, na chini yake maneno: Hubonyea kwa kila mtu, hurudi lilivyokuwa.

Zilipita siku tatu kabla Wizara haijagundua. Wananchi waligundua siku ya kwanza, wakanyamaza, kwa sababu walikuwa wakiandika shida zao na duka likiwajibu ndani ya saa moja.

Mheshimiwa alipoona godoro, hakula mchana. Akaagiza Huduma za Ushauri wa Kitaalamu. Ndipo wakaja wale kumi na mmoja, wakiongozwa na Daktari Mhandisi Pantaleo Mshindo, mtu mwenye viatu visivyolia na vyeo viwili mbele ya jina, akisubiri cha tatu. Walikaa na Mwalami majuma mawili. Walimuuliza kila kitu, naye akawaeleza kila kitu, na habari ya sanduku la pili, na betri, na nywila. Walitikisa vichwa, wakaandika kwa kalamu mpya. Niliwapelekea chai mara tatu kwa siku na nikafikiri moyoni, sasa mtoto wa watu amesikilizwa.

Ripoti ilitoka na kurasa mia nne na jalada la plastiki. Mwalami alitajwa ukurasa wa mia tatu tisini na moja, penye shukrani, baada ya dereva.

Siku ya kuisoma nilikuwa chumbani, namimina.

"Mheshimiwa," alisema Daktari Mshindo, "tumebaini jambo zito. Seva hii huulizwa maswali laki tisa kwa siku."

Waziri aliweka kikombe chini. "Na nani?"

"Na wasiojulikana, Mheshimiwa."

"Wasiojulikana laki tisa?"

"Kila siku. Hata Jumapili."

"Nayo inafanya nini?"

Daktari aliteremsha sauti. "Inawajibu."

Vijiko vilikoma kukoroga, meza nzima.

"Inawajibu," Waziri akarudia. "Bila kuwauliza wametumwa na nani?"

"Katika utafiti wetu haijawahi kumuuliza hata mmoja."

Waziri alikuwa na uso wa mzazi aliyeitwa shuleni. "Mimi mwenyewe, Waziri mzima, nikitaka kusajili laini ya simu naambiwa nilete barua ya mjumbe wa mtaa. Na hili sanduku linamjibu yeyote anayebisha hodi?"

Mwalami alikuwa amesimama mlangoni. "Mheshimiwa, wanaouliza si watu, ni kompyuta. Na ni lazima zijibiwe, maana kazi ya—"

"Mwalami, wewe ni fundi. Hapa tunazungumza usalama."

"Sawa, Mheshimiwa."

"Kama ni kompyuta," Waziri akasema, "basi zina mtaa zinapokaa. Kila kompyuta ilete barua ya utambulisho kutoka kwa mjumbe wake. Na picha mbili, pasipoti saizi."

Daktari aliandika upesi upesi. Wakati wa chai lilikuwa neno la Waziri. Kesho yake lilikuwa pendekezo namba moja la wataalamu.

*

Ungeona mji wetu majuma yale. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliisukuma kompyuta ya shule kwa toroli, ameifunika kanga isipigwe na jua. Posta walikuja na zao nne wamezipanga foleni kwa urefu. Kwa mpiga picha kulikuwa na ugomvi, maana fomu ilitaka mandhari ya bluu na masikio yote mawili yaonekane, na kompyuta nyingi hazina. Wengine walizibandikia sahani za plastiki pembeni. Zilipita.

Mjumbe wa mtaa wetu, Bi. Hadikwa, alikuwa mtu makini sana. Watu wa zahanati waliniletea kompyuta yao nimpelekee, kwa kuwa tulikuwa tukifahamiana.

"Hii siifahamu," akasema, akiizunguka. "Haijawahi kuhudhuria kikao cha mtaa hata kimoja. Nitaithibitishaje?"

"Ni ya zahanati, Bi. Hadikwa. Ndiyo iliyokuandikia dawa za presha."

"Dawa nilizipata. Lakini tabia yake nyumbani naijua?"

Akaijazia hata hivyo, kwa roho yake nzuri. Hali ya ndoa: haijaolewa. Kazi: mfanyakazi wa zahanati. Mwenendo: mtulivu, haonekani baa.

Barua zikaja Wizarani kwa magunia, na hapo ikaonekana kwamba seva haina mikono ya kuzipokea wala macho ya kuzisoma. Daktari Mshindo alilitafakari hilo siku mbili, kisha akatoa pendekezo la mwisho, ambalo yeye mwenyewe aliliita la kihistoria.

"Tumechunguza mashambulizi yote ya miaka mitano," alisema, "na yote, nasema yote, yamepitia kwenye waya huu." Akauonyesha kwa kijiti. Ulikuwa waya wa bluu, unene wa kamba ya kiatu, unaotoka nyuma ya sanduku kuingia ukutani.

"Mheshimiwa," alisema Mwalami, "na majibu yote yamepitia waya huohuo."

"Ndiyo maana nasema," Daktari akajibu.

Ijumaa saa nne asubuhi, baada ya dua na wimbo wa taifa, Mheshimiwa Waziri aliuchomoa waya kwa mkono wake. Taa za kijani zilizima moja moja. Watu walipiga makofi. Sanduku likawekewa kizimba cha nondo na kufuli tatu. Ufunguo mmoja akachukua Waziri, mmoja Katibu Mkuu, mmoja Daktari. Waya wenyewe ukatiwa katika fremu ya kioo ukatundikwa ukumbini, na chini yake bamba la shaba: Hapa Ndipo Adui Alipopitia.

"Mnaona?" Waziri aliwaambia waandishi wa habari. "Tangu saa nne mpaka sasa, hakuna shambulio hata moja."

Ilikuwa saa nne na dakika sita.

*

Kompyuta za nchi nzima ziliuliza majina, hazikujibiwa. Ukitafuta chuo, jina halijulikani. Ukitafuta mahakama, jina halijulikani. Wizara ikatoa tamko kwamba taasisi yoyote isiyotambuliwa na seva ihesabiwe haipo mpaka hapo itakapotambuliwa. Basi zikaacha kuwepo. Gereza kuu liliacha kuwepo siku ya Jumamosi, na wafungwa wakaandikishwa kuwa wageni wanaokaa kwa hiari. Mamlaka ya Maji nayo iliacha kuwepo, lakini mtaani kwetu hilo hakuna aliyeligundua. Bunge liliketi Jumatatu nzima bila kuwepo, na miswada ikapita vilevile.

Nilicheka, sikufichi. Nilicheka mpaka Jumanne.

Jumanne ilikuwa sherehe ya kumtunuku Daktari Mshindo nishani, na redio ya taifa ilikuwa ikitangaza moja kwa moja. Nilikuwa napanga vikombe saa tatu kasoro nilipopigiwa simu kutoka Hospitali ya Wilaya. Mjukuu wangu Sikudhani alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na robo. Lakini damu ilikuwa haikatiki.

Hospitali ni mitaa miwili tu kutoka Wizarani. Nilimkuta kitanda namba sita, midomo imekuwa rangi ya majivu, mkono wake baridi kama bilauri. Nesi Yustina alinivuta pembeni.

"Bibi, anahitaji chupa mbili, kundi O. Wodini zimeisha."

"Si ghala la damu lile pale?" Kupitia dirishani lilionekana, ng'ambo ya barabara, mlango wa kijani, miti miwili ya mikaratusi.

"Ndilo. Lakini siku hizi damu haitoki kwa karatasi, inaombwa kwa kompyuta. Tumeomba tangu alfajiri." Akanigeuzia kioo cha mashine nisome mwenyewe. Ghala la Damu la Wilaya: jina hili halijulikani.

Kitanda namba saba kilikuwa kimefunikwa shuka mpaka juu. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu aitwaye Mwanahiba, hina ya vidoleni bado mbichi. Na yeye alikuwa akingoja chupa mbili. Mume wake alikuwa ameketi sakafuni na boksi la barafu la kubebea damu mapajani, tupu, analishika kwa mikono miwili lisimwagike.

Nilivuka barabara. Nilihesabu hatua, sijui kwa nini. Zilikuwa themanini na nne. Karani wa ghala, bwana mmoja Chambuso, alikuwa ndani nyuma ya kidirisha, redio ndogo ikisema pembeni, na nyuma yake jokofu likinguruma.

"Damu ipo?" nikamuuliza.

"Ipo, Bibi. Kundi O zipo chupa kumi na tisa."

"Nipe mbili. Mjukuu wangu anakufa."

Aliinamisha macho. "Bibi, mimi nakuona na wewe unaniona. Lakini kiserikali hatupo. Nitatoaje damu kutoka mahali ambapo hapapo? Mwenzangu alitoa kwa karatasi mwaka jana, sasa hivi anafuga kuku."

"Njoo basi uone kitanda namba saba."

"Nimemsikia mumewe akilia," alisema. "Lakini aniamuru nani?"

*

Nilirudi Wizarani nikihema. Mwalami alikuwa koridoni amekalia gunia la barua. Nilipomweleza alisimama, akaenda kwenye kizimba, akazishika zile kufuli moja moja.

"Kuurudisha waya ni dakika mbili, Bibi. Funguo zote tatu ziko mezani kwa wakubwa, ukumbini kule kwenye sherehe. Na namba ya ghala naijua kwa moyo, ila pendekezo la nne la wataalamu limekataza kompyuta kupokea namba isiyo na jina." Alisema hivyo huku machozi yakimshuka, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Miaka kumi na minne ilikuwa imemfundisha.

Nikaingia ukumbini na birika. Sikuwa na mpango. Nilidhani nitamnong'oneza Waziri wakati wa kummiminia. Lakini mshereheshaji aliniona kabla sijafika mezani, akafurahi kama aliyeokota kitu.

"Na sasa tumsikie mwananchi wa kawaida. Bibi yetu wa chai, njoo hapa. Yeye atatuambia anavyojisikia tangu seva ilindwe."

Nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa mashine, herufi kubwa kubwa, na kipaza sauti. Nilisoma mstari wa kwanza, maana nimezoea kutii. "Mimi kama mwananchi wa kawaida najisikia salama." Makofi. Kisha nikaikunja karatasi.

"Mheshimiwa," nikasema, "mjukuu wangu yuko kitanda namba sita Hospitali ya Wilaya anatokwa na damu. Damu yake iko Ghala la Damu la Wilaya. Naomba ghala liambiwe limpe."

Waziri alitabasamu kuelekea redioni. Ninasema kuelekea redioni, kwa sababu alikuwa akiitazama ile mashine ya matangazo, si mimi. "Bibi yetu amepatwa na hisia. Naomba nimsahihishe kwa upendo. Ghala la Damu la Wilaya halipo kwa sasa. Ghala la Damu la Wilaya litakapokuwa limekamilisha barua zake, Ghala la Damu la Wilaya litatambuliwa."

Kipaza sauti kilikatwa nikiwa bado nimekishika.

Ng'ambo ya barabara ile, Chambuso alikuwa amesikia. Aliniambia baadaye alivyowaza: Waziri amelitaja ghala mara tatu, kwa jina lake kamili, kwenye redio ya taifa. Kitu kisichokuwepo Waziri hakitaji mara tatu. Alifungua jokofu, akavuka barabara na kandambili, chupa mbili kifuani kama mtu aliyebeba mapacha. Saa tano na robo damu iliingia mkononi mwa Sikudhani. Saa saba aliomba uji.

Yule wa kitanda namba saba walikuwa wamekwisha kumtoa.

*

Waya ulirudishwa Alhamisi. Si kwa ajili ya damu. Ni kwamba Mheshimiwa alifika uwanja wa ndege akaambiwa Wizara aliyotoka haijulikani, na asiyetoka mahali hapandi ndege. Funguo zililetwa mbio. Mwalami alivunja kioo cha fremu, akachomeka, taa za kijani zikawaka. Muda wa kufunga kamba za kiatu. Akapewa onyo la maandishi kwa kuharibu kumbukumbu ya taifa.

Baada ya siku tisa niliitwa. Nilikuta mezani Waziri, Katibu Mkuu, na Daktari Mshindo na nishani yake, kwa sababu wataalamu walikuwa wameombwa kuandika ripoti nyingine, ya Mafunzo Yaliyopatikana. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alimimina chai, na ilikuwa mbaya.

"Bibi, usiogope," Waziri alisema. "Ulitaja taasisi isiyokuwepo mbele ya hadhara, lakini tumekusamehe. Serikali ni sikivu. Tunataka maoni yako yaingie ukurasa wa wadau."

Daktari alinisogezea fomu. Swali lilikuwa moja: mdau anataka alindwe vipi? Na chini vijisanduku viwili vya kutia alama. Zaidi. Zaidi sana.

"Weka alama tu, Bibi," Daktari alisema. "Popote."

Niliitazama ile fomu. Nimehudumia mawaziri tisa, na kila mmoja alinipa mkono siku ya kuondoka akaniuliza, Bibi, unataka nini? Na kila mara nilijibu, sitaki kitu, Mheshimiwa, mimi niko sawa. Nadhani nilijibu hivyo hata mwaka Wizara ilipovunja jiko langu la chai.

"Hakuna kijisanduku changu hapa," nikasema.

"Basi sema, tuandike," Waziri akasema, akitazama saa. "Unataka nini?"

"Mwanahiba alikuwa kitanda namba saba. Kutoka pale mpaka kwenye jokofu ni hatua themanini na nne, nimezihesabu kwa miguu yangu, nayo ni mibovu. Damu ilikuwepo. Mumewe alikuwepo na boksi mkononi, Chambuso alikuwepo, nesi alikuwepo. Mwalami alikuwepo miaka kumi na minne. Njiani mlikuwa mmesimama ninyi tu."

Kalamu ya Daktari ilikuwa hewani. "Sasa hapo tuandike unataka nini, Bibi?"

"Nataka mtoke katikati," nikasema.